Bima ya Mwalimu

Barua ya kunikatalia haikuandikwa hata kwa jina langu. Iliandikwa kwa mume wangu: "Bwana, tunasikitika kukujulisha kwamba ombi lako limekataliwa." Chini yake kulikuwa na mhuri mwekundu wa koperative yetu ya mikopo, umegongwa mara mbili. Mguu uliovunjika ulikuwa wangu. Samaki waliopotea walikuwa wangu. Ombi lenyewe nililiandika mimi, nimelala kitandani, nimeegemeza daftari la mtoto juu ya plasta. Lakini waliyemsikitikia ni bwana.

Nilicheka. Nina tabia hiyo mbaya, hasira ikinizidi nacheka. Mume wangu aliikunja barua akataka kuitia mfukoni, nikamwambia airudishe, sijamaliza kuisoma.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kaskazini. Tulihamia Bunia kabla ya vita, wakati watu bado walikwenda huko kutafuta maisha. Mume wangu alipata kazi ya ualimu, nami nikaanza kuteremka ziwani, Kasenyi na Tchomia, kununua samaki wa chumvi na wa moshi, kuwapandisha na kuwauza sokoni. Mshahara wa mwalimu ulikuja siku ulipojisikia. Samaki ndio waliotulisha, na ndio waliotununulia parseli yetu ya mtaa wa Rwambuzi, kiwanja chenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili na bati juu. Niliyajua yale mabati moja moja, safari gani ilinunua lipi.

Vita vilipoanza kuisogelea barabara, nilifanya hesabu yangu. Kila safari ya ziwani ilikuwa hatari. Nikipata mtaji wa kununua samaki wengi kwa safari moja, nitapunguza safari. Mtaji huo ulipatikana koperative, na rehani waliyoitaka ilikuwa hati ya parseli.

Mwanamke aliyeandika wakopaji alikuwa mtu wa kwetu, wa mji mmoja nami, na tuliimba kwaya moja kanisani. Nilimwita Dada. Jumapili nyingi alikula nyumbani kwangu baada ya ibada, na nilimchagulia kipande cha tumbo la samaki, ambacho watoto wangu mwenyewe walikitamani. Nayasema haya ili ijulikane nilimwamini kiasi gani.

Siku ya kutia saini nilikwenda na mume wangu. Sheria ya wakati ule ilitaka mwanamke mwenye ndoa apewe ruhusa na mume wake kabla ya kujifunga kwa deni. Koperative yetu ilikuwa imefupisha njia. Badala ya kuandika karatasi mbili, ya mkopo na ya ruhusa, waliandika mkopo moja kwa moja kwa jina la bwana. Wanawake wote wa soko la samaki tulikopa hivyo. Hakuna aliyeona ajabu. Tulijua nani anafanya kazi, na tulidhani kila mtu anajua.

Kiti mbele ya meza ya Dada kilikuwa kimoja. Mume wangu akakaa, mimi nikasimama nyuma yake nimeshika koti lake.

"Mwalimu, leo uko muuzaji wa samaki!" Dada alimtania, tukacheka wote watatu. Kisha akanitazama mimi. "Kuko na asiransi pia. Ni pesa kidogo, inakatwa humu humu mu mukopo. Ukigonjwa, siye tunalipa. Kazi ikipotea, siye tunalipa. Ukikufa, watoto hawatasumbuliwa."

"Mimi?" nikauliza.

"Sasa nani? Si weye njo unabebaka samaki?" Na alininyooshea kidole. Kidole kile nakiona mpaka leo.

Niliuliza kama ni lazima. Akasema si lazima, lakini na vita hii, mtu wa akili atakataa? Basi nikawa mtu wa akili. Mume wangu akatia saini mahali alipoonyeshwa, pesa za asiransi, yaani bima, zikakatwa, tukatoka. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa Dada jirani yangu wa sokoni, mwanamke Mwislamu ambaye mume wake alikuwa akichimba dhahabu upande wa Mongbwalu. Meza zetu zilishikana, tuliangaliana vitu, tulikopeshana chumvi. Yeye alisita juu ya ile bima. Mimi ndiye niliyemwambia achukue. Mume wake alishuka kutoka machimbo siku mbili tu, akatia saini, akarudi.

Vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Kuna wiki soko lilijaa watu, kuna wiki tulikaa chini ya vitanda tukisikiliza. Shule ya mume wangu ilifungwa, walimu wakaambiwa wangoje nyumbani. Mimi sikuwa na wa kuniambia ningoje. Niliteremka ziwani kila barabara ilipofunguka. Nililipa kwenye vizuizi, kwa vijana wenye bunduki ambao ningeweza kuwazaa, nikiwaita baba.

Kila mwisho wa mwezi nilimpa mume wangu pesa ya deni naye akaipeleka, kwa sababu karne, kile kidaftari cha malipo, kilikuwa kwa jina lake. Alinyoosha mkono, nikaweka pesa, akasema, "Asante, Mama." Alirudi na mhuri mpya ndani ya karne. Kuna mwezi ambao samaki hawakutosha, nikauza vitenge vyangu vya harusi, viwili, vile ambavyo mama yangu alinikunjia mwenyewe. Nilimpa pesa ile pia. Alisema asante ileile.

Mguu ulivunjika kwenye mpando wa kutoka Kasenyi. Lori letu lilikuwa limejaa samaki na watu juu ya samaki. Tukasikia risasi mbele. Dereva akasimama, akaanza kurudi nyuma kwa haraka, watu wakaruka, nami nikaruka, mguu wa kushoto ukaingia kati ya mawe. Wanawake wawili nisiowajua walinivuta mpaka kichakani. Lori lilibaki barabarani na mzigo wangu wote, yaani mkopo wangu wote. Sijui nani aliwala samaki wale. Mungu anisamehe, nilimwombea mwiba.

Dada alikuja kuniona hospitali na sabuni na sukari. Nilimwambia mara moja kwamba hapa ndipo asiransi inapofanya kazi, namshukuru alinisukuma kuichukua. Akajitengeneza kitambaa kichwani.

"Pona kwanza," akasema.

Niliona ni ubinadamu. Nikaandika ombi, mume wangu akalipeleka, na baada ya wiki tatu barua ya mhuri mwekundu ikaja.

Nilikwenda koperative kwa magongo. Dada alikuwa mezani pake, na kiti ni kilekile kimoja. Safari hii nilikaa mimi.

"Dada, ni bwana yako njo aliandikwa," akasema bila kuinua macho. "Asiransi inamulinda ule aliandikwa. Na yeye haiko mugonjwa."

"Uliniambia mimi."

"Nilisema mukopaji."

"Ulisema weye! Ulinionyesha na kidole, nilikuwa nasimama pale!"

"Usipige kelele, dada. Kuko watu."

Kuko watu. Nilimwambia ndiyo, kuko watu, na wasikie. Wakasikia. Akaniambia nikitaka kulalamika niandike lalamiko, lakini lazima litiwe saini na mkopaji, yaani bwana. Kwa hiyo ili nilalamike kwamba mimi si kitu kwenye karatasi zao, nilihitaji mtu mwingine aniandikie kwamba mimi ni kitu.

Niliandika. Kurasa mbili. Mume wangu alizisoma polepole kama anasahihisha mtihani, akasema kuna maneno makali. Nikayalainisha. Akasema tungoje hali itulie. Nikamuuliza hali gani, ya mji au ya meneja? Akasema kalamu haina wino. Wakati huo deni lilikuwa limekaa miezi mitatu bila kulipwa, kwa sababu aliyelipa alikuwa amelala na mguu juu ya mto, na koperative ilikuwa imeshatuma mtu kuja kupima parseli. Aliipima kwa hatua zake, watoto wangu wakimfuata nyuma wakihesabu naye. Nilidhani mume wangu anaogopa wakubwa. Nilimwonea hata huruma.

Jirani yangu wa sokoni ndiye aliyenipa nguvu. Alikuwa akiiangalia meza yangu bure, na habari yangu ilikuwa imewatisha wanawake wote. Wengine walikuwa wamekwenda kuuliza, na wote walijibiwa jambo moja: aliyelindwa ni bwana. Yeye hakuweza hata kuandika lalamiko. Mume wake alikuwa machimbo, barabara imefungwa, hakuna habari yake tangu msimu wa mahindi.

"Dada, weye pigana," aliniambia. "Ukishinda weye, watatusikiliza siye wote. Mimi nani atanisinyia?"

Basi nikaenda kwa meneja mwenyewe bila saini ya mtu. Jeran, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mtu wa miwani na shati la mikono mirefu, mwenye adabu sana. Niliketi nje ya mlango wake kuanzia asubuhi. Saa saba akachoka kunikanyagia magongo kila akitoka, akaniingiza.

Nilimwambia yote. Nilimwambia wanauza kivuli. Nilimwambia hiyo asiransi haijawahi kumlipia mtu hata mmoja katika mji huu, na kama ni uongo anionyeshe.

Hilo lilimgusa. Alifungua kabati, akatoa dosye, yaani faili, yenye jina la mume wangu, akaipekua kwa kidole chenye mate.

"Mama, unasema haijalipia mutu? Angalia. Iko hapa. Imelipa miezi sita."

Sikuelewa. Nilidhani ameshika dosye ya mtu mwingine. Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa ombi la kulipiwa deni kwa sababu ya kupoteza kazi: shule imefungwa, mkopaji hana mshahara, anaomba bima imlipie. Tarehe ilikuwa ya wiki ileile shule ilipofungwa. Bima ilikubali, ikalipa deni miezi sita, mpaka kikomo chake. Kila mwezi karne iligongwa mhuri. Saini ya chini ilikuwa ya mume wangu, ile herufi ya kwanza kubwa yenye mkia anayowafundisha watoto. Na ombi lote lilijazwa kwa mwandiko ambao niliujua vizuri, maana ndio ulioandika nyimbo zetu zote kwenye daftari la kwaya.

"Kwa hiyo hatukuiba," jeran akasema, kwa upole kabisa. "Ilifanya kazi yake."

Miezi ile sita mimi nilikuwa nikipeleka pesa. Nilikaa pale nikizipitia moja moja: mwezi wa kizuizi cha darajani, mwezi wa malaria ya mtoto mdogo, mwezi wa vitenge. Na Dada alijua. Alijaza karatasi ile, akaja kwangu Jumapili, akala kipande cha tumbo, akaniuliza biashara inaendaje.

Mume wangu nilimkuta uani, jua la saa tisa, anashona kiatu cha mtoto. Nilibaki nimesimama.

"Mwalimu, miezi sita."

Hakuuliza miezi gani. Aliweka sindano chini.

"Nilinunua kipande ya udongo Beni, ya kujenga," akasema. "Hapa kukiungua tutaenda wapi na watoto? Lazima mutu mumoja afikirie."

"Kwa jina ya nani?"

Akaokota kiatu. Nikauliza tena.

"Ya mudogo yangu. Yeye iko kule, mimi niko huku. Ilikuwa rahisi."

"Na kwa nini haukuniambia?"

"Ungekataa."

Ningekataa, kweli. Ningesema kwanza tuimalize hati ya Rwambuzi, halafu Beni, na jina liwe langu au la watoto. Ndiyo maana hakuuliza. Niliumia kiasi ambacho mguu haukuwahi kuniumiza. Watu walikuwa wanauawa kila upande wa mji ule, na mimi, naona haya kusema, kwa siku nyingi sikuogopa bunduki ya mtu yeyote. Nilikuwa nikitazama mgongo wa mtu huyu anayelala pembeni yangu na kufikiria: alinyoosha mkono, nikaweka vitenge vya mama yangu, akasema asante. Miaka kumi na nne ya ndoa na sikuwahi kumficha hata bei ya chumvi.

Nilimwambia asijifiche nyuma ya watoto. Nilimwambia mengi mengine ambayo siyaandiki. Kisha nikafanya lile nililoweza. Nilikwenda sokoni na magongo yangu, nikakaa mezani pangu, na kila mwanamke aliyepita nilimweleza: nenda kaombe kuona dosye ya bwana yako. Waliokwenda walirudi na macho mekundu. Si waume wote walifanya kama wangu, lakini wote walikuta jina lisilo lao. Baada ya wiki mbili wanawake ishirini na kitu walikuwa wakikaa kila asubuhi mbele ya koperative, wametandika vitenge chini, na jirani yangu yuko mbele. Walisema wanangoja jibu la lalamiko langu. La kwangu likikubaliwa, wataleta ya kwao.

Jeran akaja nyumbani. Alikuja na Dada, kwa pikipiki moja. Mume wangu aliwapa kiti na kigoda, mimi nikabaki kitandani karibu na mlango na mguu wangu. Jeran aliuliza habari za mguu. Dada aliangalia kuku.

Alichokuja nacho kilikuwa karatasi moja. Koperative, kwa huruma, itasimamisha deni langu mpaka nipone na nirudi ziwani. Hakuna riba ya ziada. Parseli haitauzwa. Nisipokubali, mwisho wa mwezi inauzwa, mnunuzi yupo tayari, na aliniambia ni afisa wa jeshi, bila kumtaja jina. Nilielewa. Mtu kama yule hangengoja watoto wangu wakusanye sufuria.

Nikaisoma. Ilisema mimi, niliyetia saini hapo chini, nathibitisha kwamba nilielezwa vizuri, kwa lugha ninayoielewa, ya kuwa bima inamlinda aliyeandikwa peke yake, na kwamba sina lalamiko lolote.

Niliigeuza nyuma. Nilitafuta mstari wa bwana.

"Na Mwalimu hasinyi?" nikauliza.

"Hapana, Mama," jeran akasema. "Kwa hii, sinyature yako inatosha."

Nilimtazama Dada. Nilitaka aseme kitu, hata uongo. Machozi yalikuwa yakimtoka, na yalinichukiza, maana yalikuwa ya bei rahisi. Mume wangu alikuwa amesimama na kalamu mkononi. Safari hii ilikuwa na wino. Watoto wangu watatu walikuwa ndani wakisoma kwa sauti yale masomo ambayo baba yao alikuwa amewaandikia ubaoni, ili wasisahau.

Nikatia saini.

Siku ya tatu niliteremka sokoni. Mbele ya koperative hapakuwa na kitenge hata kimoja chini. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa mlangoni, ndani ya plastiki ili mvua isiilowe. Wanawake wa samaki walikuwa mezani pao wanapepea nzi, hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana.

Jirani yangu alikuwa amenipangia meza yangu kama kawaida, samaki wachache aliowauza kwa niaba yangu, pesa zake ndani ya kopo. Alinipa kopo. Nilianza kumweleza, nikamwambia habari ya afisa, ya mwisho wa mwezi, ya watoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, dada," akasema. "Weye njo ulinipeleka kule. Na wameandika ulielezwa vizuri." Alifuta kisu chake kwenye gunia. "Mimi sasa nitasema nini? Kwamba weye ulielewa, mimi peke yangu njo nilikuwa mujinga?"

Alivuta meza yake kidogo, kiasi cha mkono mmoja, ikaachana na yangu, akaendelea kukata samaki.